Cheni Mpya, Meno ya Zamani

Watu husema cheni ya baskeli "imevutika", kana kwamba chuma ni lastiki ya suruali. Haivutiki. Kila kiungo cha cheni kimeshikwa na pini, na pini hiyo inasugua tundu lake kila unapokanyaga pedali. Mchanga ukiingia humo unafanya kazi ya msasa. Baada ya muda kila tundu limepanuka kwa kiasi cha unywele, lakini cheni ina viungo mia na zaidi, na nywele mia ukizipanga pamoja zinaonekana kwa rula ya mtoto wa skuli. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kipimo hicho ni kimoja kwa takriban kila baskeli unayopishana nayo barabarani. Viungo 24 basi ni inchi 12 kamili. Ukipima ukakuta vimezidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka, ibadilishe. Vikizidi kwa moja ya nane, umechelewa. Imeshayala meno.

Hilo la meno ndilo lililonikalisha niandike. Cheni iliyorefuka haikai tena vizuri kati ya jino na jino. Inapanda juu kidogo, inavutia pembeni, na taratibu inayachonga meno mpaka yanapinda kama mapezi ya papa. Lakini meno yale mabovu na cheni ile mbovu vinapatana, kwa sababu vimechongana. Unaweza kuendesha miaka bila kuhisi kasoro. Taabu inaanza siku unapofanya jambo la busara, unaponunua cheni mpya. Cheni mpya imekuja na vipimo vyake vya kiwandani, inatafuta meno ambayo hayapo tena, na ukikanyaga kwa nguvu inaruka. Kilicho kizima ndicho kinachokugomea.

Baskeli ninayoizungumzia ni ya baba yangu. Wazungu wanaiita baskeli ya mlima, sisi tunaiita baskeli ya gia, na naona sisi ndio tuliosema kweli, maana Unguja mlima haupo. Mahali pa juu kabisa kisiwani hapafiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Lakini ukitoka nje ya lami kuelekea mashariki unaingia uwanda, ile ardhi ya mawe ya matumbawe yenye ncha kali, na hapo tairi nene na fremu ngumu vinajieleza vyenyewe. Hata vichochoro vya Mji Mkongwe, na mashimo yake na vidaraja vya mitaro, havina huruma na baskeli nyembamba.

Baba aliinunua mwaka 2009, mtumba, kwa watu wanaofungua makontena. Kwenye fremu bado kuna kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani. Japani baskeli husajiliwa ili ikiibiwa ijulikane ya nani, kwa hiyo kibandiko kile ni jina la mtu, kwa namna fulani, mtu ambaye hatutamjua kamwe na ambaye hajui kwamba baskeli yake imempeleka mwalimu kazini kwa miaka kumi na mbili. Baba alikuwa akifundisha skuli upande wa Bububu. Alikuwa akiondoka baada ya sala ya alfajiri na kurudi mchana jua likiwa utosini, barabara ile ya pwani, upepo wa bahari ukimpiga ubavuni kwenda na kurudi.

Upepo huo ndio ulioila baskeli. Sehemu nyingine wanasema tope, wengine wanasema theluji. Hapa ni chumvi. Inakaa kwenye spoku, inaingia ndani ya mirija ya waya za breki, inakwenda mpaka kwenye gololi za krenki na kugeuza grisi kuwa uji mwekundu. Msimu wa kusi ukianza, chombo cha chuma ukikiacha nje usiku mmoja tu, asubuhi kimeshaota unga wa kutu.

Mwaka 2021 baba aliacha kupanda. Presha ya macho ilikuwa imempunguzia kuona kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayefungiwa mlango polepole. Hakuna aliyemkataza. Siku moja aliiegemeza ukutani chini ya ngazi, akaniambia, "Wewe una safari nyingi kuliko mimi." Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea, safari ninazo kweli, na pesa ya Vespa sina. Nikaanza kuipanda. Mwanamke na baibui lake juu ya baskeli ya gia bado anageuzwa shingo mitaa fulani, lakini wiki ya tatu watu walishanizoea, wakabaki kuniambia tu kwamba cheni inalia.

Ilikuwa inalia kweli. Nikampelekea fundi mmoja mwenye kibaraza si mbali na Mkunazini, mzee wa makamo ya baba yangu, ambaye vifaa vyake vyote vinaenea ndani ya ndoo mbili. Nilimpa shikamoo, akaitika bila kuinua kichwa, akaipindua baskeli juu chini na kuzungusha pedali kwa mkono. Alisikiliza kabla ya kutazama. Kisha akatoa rula.

"Mwanangu, una njia tatu," akasema. "Ya kwanza, usiguse kitu. Viache vizeeke pamoja, vitakwenda. Siku cheni itakapokatika, itakatika, na omba usiwe mbele ya daladala. Ya pili, nunua cheni peke yake, kesho utanirudia hapa unanilaumu. Ya tatu, tubadilishe vyote vinavyogusana."

Nikamuuliza vinavyogusana ni vipi.

"Hapo ndipo penye pesa," akasema.

Cheni inagusana na frii wili nyuma na gurudumu la meno mbele. Frii wili ikibadilishwa, waya wa gia wa zamani hauivuti sawasawa, unakwama ndani ya mrija wenye kutu. Mrija ukibadilishwa unaona raba za breki zimekwisha mpaka chuma kinakwangua rimu. Rimu ikisafishwa unaona spoku mbili zimelegea. Nilisimama pale nikihesabu vidoleni na nikaona wazi kwamba kwa pesa hiyo, nikiongeza kidogo, ningepata baskeli nyingine ya mtumba, nzima, hapo hapo Darajani. Fundi naye aliona ninachokiona. Hakunishawishi. Alisema tu kwamba hiyo nyingine nayo ina rula yake.

Vipuri nilivitafuta siku nne. Baskeli zetu za gia za zamani ni za magurudumu ya inchi 26, na viwanda vinavyotengeneza baskeli nzuri vimeshahamia 27.5 na 29. Tairi za 26 bado zimejaa madukani, lakini ukitaka kitu chenye ubora kidogo utazunguka. Cheni ya gia saba niliipata, na frii wili ya meno 14 mpaka 28, zote za Kichina, zikiwa na grisi nzito ya kiwandani. Gurudumu la meno la mbele, lile la kati ambalo ndilo linalotumika siku zote, sikulipata popote. Nikarudi mikono mitupu. Fundi akalifungua la zamani, akalishika juani, akaligeuza nyuma mbele na kulifunga tena. "Jino lina pande mbili," akasema. "Upande mmoja umevuta miaka yote hii. Huu mwingine haujafanya kazi hata siku moja."

Wanaopenda vitabu huenda wamekisoma kile cha Robert Pirsig cha 1974, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance. Mna kisa ndani yake ambacho hapa kwetu kingeshangaza watu kwa sababu nyingine kabisa. Usukani wa pikipiki ya rafiki wa msimulizi unalegea. Msimulizi anamwambia atamkatia kipande cha kopo la bia akiweke kama kabari, bati lile ni laini, halipati kutu, linafaa kabisa. Rafiki anakasirika. Pikipiki yake ni ya Kijerumani, ya gharama, na yeye anaambiwa kopo. Pirsig anakiona kisa hicho kuwa mgongano wa namna mbili za kuitazama dunia, moja inayoona umbo la kitu na nyingine inayoona kazi yake. Mimi nilikisoma chuoni nikiwa bado naamini hivyo. Sasa najiuliza kama si mgongano wa mtu mwenye duka la vipuri karibu na mtu asiye nalo. Ndoo ya pili ya fundi wangu imejaa vipande vya makopo ya soda vilivyokatwa vizuri kwa mkasi, vimepangwa kwa unene. Hakuna falsafa pale. Kuna nguzo za siti zisizoenea kwenye fremu zake.

Na kuna lile swali jingine ambalo kila msomaji wa falsafa atataka kuniuliza kufikia hapa, la meli ya Theseus. Plutarch anaeleza kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa wao, wakawa wanatoa ubao uliooza na kutia mpya, mpaka wanafalsafa wakagombana kama bado ni meli ileile. Nenda Nungwi ukawaulize mafundi wa majahazi. Chombo kinapandishwa pwani, mbao zilizooza zinatolewa, mpya zinachongwa, mafundi wanatia kalafati kwenye nyufa, na chombo kinarudi majini na jina lake. Hakuna anayeuliza kama ni kilekile. Wanachogombania ni ubao mpya. Umekauka kiasi gani? Ni wa mti gani? Utavimba sawa na wenzake ukinywa maji, au utawasukuma? Swali la Waathene ni zuri kwa watu ambao meli yao haiendi popote. Chombo kinachosafiri kinauliza kama vipande vyake vitasikilizana.

Ninasema haya kwa sababu wiki ileile ya kutafuta vipuri kaka yangu alipiga simu kutoka Muscat. Anataka kuwahamisha wazee. Amewaonea fleti nje ya mji, mpya, kuta zimenyooka, choo cha ndani, hakuna ngazi. Ana haki ya kusema hivyo kuliko wengi, maana ndiye anayetuma pesa, na hoja zake si za kipuuzi. Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, ngazi za mwinuko mkali ambazo hakuna kidato kinacholingana na mwenzake. Baba haoni. Mama magoti yanamsumbua. Na sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit-al-Ajaib ilipoporomoka, jengo la Sultani Barghash la 1883, likiwa katikati ya ukarabati. Watu wawili walikufa. Ikiwa jumba lile limeanguka, kaka anauliza, letu linashikiliwa na nini?

Letu lina kovu lake. Miaka ya nyuma ukuta wa chini ulikuwa ukimomonyoka, na fundi mmoja wa ujenzi akaupiga plasta ya saruji. Ulipendeza sana mwaka wa kwanza. Ukuta wa mawe na chokaa unanyonya unyevu na kuutoa, unapumua. Saruji haimruhusu. Unyevu ukabaki ndani na chumvi yake, ukaila chokaa nyuma ya plasta, na sasa ukigonga ukuta ule unasikia uwazi. Plasta yenyewe ni nzima. Ngumu kuliko kitu chochote kilicho karibu nayo. Mji huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na watu wengi wanadhani sheria za kutumia chokaa ni mambo ya watalii na picha. Ni hesabu ya cheni na meno tu. Kipya kinatakiwa kiwe laini kiasi cha kupatana na kikongwe.

Lakini nisijidanganye, na nisimdanganye kaka. Njia ya kwanza ya fundi, ile ya kuacha vitu vizeeke pamoja, ndiyo inayonivutia, na ndiyo yenye hatari. Wazazi wangu wamechongana na nyumba ile. Baba anapanda ngazi usiku bila taa, kwani taa haimsaidii kitu, na mguu wake unajua kwamba kidato cha nne ni kifupi na cha tisa kimeinama kushoto. Mama akiwa jikoni anakohoa kidogo kabla ya kutoka na sufuria ya moto, na baba anasimama. Hakuna aliyewahi kukubaliana juu ya kikohozi hicho. Uwatoe hapo uwapeleke kwenye fleti iliyonyooka, baba atakuwa kipofu kwa mara ya kwanza. Ndani ya nyumba yetu yeye ni mtu asiyeona tu. Hata hivyo cheni mbovu juu ya meno mabovu inakwenda vizuri mpaka siku inapokatika, na haipigi hodi.

Kwa hiyo nilimpigia kaka na kumweleza habari ya rula. Alinisikiliza kwa uvumilivu mkubwa. Kisha akauliza, "Sasa mmeamua nini?"

Nikamwambia tumebadilisha kidato kimoja, cha saba, kilichokuwa kimeoza. Seremala alitaka kukifanya kiwe na kimo cha kawaida, kinachofaa. Tukamwambia hapana, pima cha zamani, fanya vilevile, na upindo wake. Tumetia mkono wa mbao ukutani kuanzia chini hadi juu. Plasta ya saruji itabanduliwa kabla ya masika na ukuta utapigwa chokaa, pesa ikipatikana, nikatulia kidogo hapo ili aelewe. Boriti mbili mtu wa kuzitazama atakuja. Akisema hazifai, tutahama, na nitakuwa wa kwanza kufunga mizigo.

"Moja tu?" kaka akasema. "Kidato kimoja?"

"Tumeanza na vinavyogusana na mguu," nikamjibu. Alicheka, lakini hakukata tamaa, namjua. Wiki ijayo atapiga tena.

Baskeli ilichukua siku tatu zaidi, na si kwa sababu ya cheni. Nguzo ya siti ilikuwa imegandana na fremu. Nguzo ni ya aluminiamu, fremu ni ya chuma, na chumvi ikiingia kati ya hivyo viwili vinashikana kama vimechomelewa. Kwa muda wote nilioipanda, siti ilikuwa pale pale baba alipoiweka. Yeye ni mrefu. Mimi nikisimama kwenye taa za barabarani nilikuwa nagusa ardhi kwa ncha ya kidole kimoja, nimeinama upande kama jahazi lililokupwewa, na watu wa daladala wakinipigia honi kunitia moyo au kunikebehi, sikuwahi kujua. Fundi alimimina mafuta ya taa kwenye kiungo asubuhi na jioni, akagongagonga kidogo, akaacha. Siku ya tatu akaibana nguzo kwenye jiliwa na kuizungusha fremu nzima kama usukani wa meli. Ikatoa mlio mmoja mbaya sana, kisha ikakubali.

"Niiweke wapi?" akaniuliza.

Nikapanda, nikaonyesha. Karibu vidole vinne chini ya ilipokuwa. Kwenye nguzo pamebaki mstari mweusi unaoonyesha kimo cha baba, na sasa mstari huo umeingia ndani ya fremu, hauonekani tena. Fundi alipaka grisi nyingi kabla ya kukaza. "Mwaka mmoja, uitoe, uipake tena," akasema. "Usipofanya hivyo itagandana na wewe."

Nilifika nyumbani magharibi inakaribia. Baba alikuwa barazani. Cheni mpya haina sauti, kwa hiyo hakunisikia nikija, jambo ambalo lilimshtua kidogo. Akaomba nimpe baskeli. Akapitisha mkono kwenye usukani, kwenye waya mpya za breki, akazungusha pedali akatega sikio, akagusa lile gurudumu la meno lililogeuzwa. Mkono ukapanda mpaka kwenye siti na kusimama.

"Umeiteremsha," akasema.

"Ndiyo, baba."

Alibaki ameishika siti muda kidogo, akiibonyeza kama mtu anayepima embe. "Ilikuwa juu mno kwako," akasema. "Nilikuwa nikikusikia unavyoshuka." Kisha akauliza kesho nakwenda wapi. Nikamwambia Chwaka, kuna habari ya wakulima wa mwani. Akaniambia nitie upepo mwingi nyuma kuliko mbele, na nisiziamini breki mpya mpaka zizoeane na rimu.